Jaji Mwenye Cheti cha Bawabu

Wiki iliyopita, msomaji, tulimwacha Kinyozi amesimama kati ya mageti mawili ya gereza, shati lake la uraiani mwilini, mfuko wa plastiki mkononi. Geti la nyuma yake lilikuwa limeshafungwa. La mbele lilikuwa karibu kufunguka. Badala yake mashine ya Bwana Jela ikalia, na taa iliyotakiwa kuwaka kijani ikawaka nyekundu.

Tuendelee basi, maana binadamu hawezi kukaa kati ya mageti wiki nzima.

"Kuna nini?" aliuliza Dada Kadi kutoka upande wa pili wa nondo.

Dada Kadi ni dada yake Kinyozi, tumbo moja, na ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya kazi yake: yumo kwenye ofisi inayotengeneza kadi za kielektroniki za watumishi wa umma. Siku hiyo alikuja kumpokea mdogo wake, na nguo mpya alizibeba kwenye begi.

Bwana Jela, mkuu wa geti la kutokea, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliinamia skrini yake mara ya pili.

"Amri ya kumwachia ipo," alisema. "Jina la jaji lipo. Kadi yake ni ya kweli na haijaisha muda. Lakini mashine inasema sahihi haikubaliki."

"Haikubaliki vipi, na jaji ni yeye?"

"Inasema cheti kilichomo kwenye kadi yake si cha kutia sahihi." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ni cha kufungulia milango."

Kinyozi alicheka kwa mara ya kwanza tangu afungwe. "Sasa mzee, si mlango huo hapo? Mimi naomba huo huo mmoja tu."

Hakuna aliyecheka naye.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushika kadi hizi, jambo lenyewe ni jepesi. Ndani ya kila kadi kuna cheti cha kidijitali, na kila cheti huandikwa kazi zake siku kinapotolewa. Kuna cha kufungulia milango ya ofisi. Kuna cha kufungia barua zisisomwe na wambea. Kuna cha kutia sahihi kwenye amri. Cha kazi moja hakifanyi kazi ya nyingine, hata mwenyewe awe nani, na mashine yenye akili timamu hukikataa.

Na amri hii ilikuwa imepatikana kwa jasho. Kinyozi alifungwa kwa kosa la kuchoma ghala la tajiri mmoja, moto ambao ulimuua mlinzi. Kwenye rufaa akajitokeza Mwalimu, mteja wake wa miaka mingi, akaapa kuwa saa ile ile ya moto alikuwa kwenye kiti cha Kinyozi ananyolewa. Jaji mzee akamwamini, akafuta hukumu, akatia sahihi. Siku chache baadaye jaji mwenyewe akafa, moyo ulisimama akiwa bafuni.

"Mlete jaji atie sahihi upya," alisema Bwana Jela.

"Mzee wangu, jaji tumeshamzika."

"Basi rufaa itaanza upya kwa jaji mwingine." Akashusha sauti. "Na gari la machimboni linaondoka leo alasiri. Aliyekataliwa na geti hili jina lake linarudi kwenye safari. Sipangi mimi."

Machimboni wafungwa huponda mawe kutwa, na Kinyozi ana pumu tangu utoto wake. Mtu mzima mwenye mapafu ya ng'ombe hutoka kule anakohoa. Huyu asingetoka.

"Nipe mpaka gari lipakie."

"Mpaka hapo tu. Zaidi ya hapo nitamwaga unga wangu."

Kinyozi aliegemea ukuta, akakaa chini. Vidole vyake vilikuwa vinafungua na kufunga vifungo vya shati. "Dada," alisema, "usikimbie. Ukianguka njiani nani ataniletea hizo nguo?"

Alikimbia.

Ofisini kwao watu walikuwa wameenda kula. Dada Kadi aliketi mezani kwake hata bila kushusha begi, akaandika jina la jaji, akabonyeza.

Picha ya mzee ilitokea kwanza, imetulia, tai imenyooka. Chini yake orodha ya kazi za cheti. Kujitambulisha: ndiyo. Kufungua milango: ndiyo. Kutia sahihi: hapana.

Chini kabisa palikuwa na jina la mtumishi aliyekitoa cheti hicho. Lilikuwa jina lake yeye.

Alilisoma kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa kwao. Kisha siku ile ikamrudia yote.

Pale ofisini wana njia yao ya mkato, wanaiita kupiga pacha. Badala ya kumjazia mtu kazi za cheti chake moja moja, unafungua cha mtu aliyetangulia, unafuta jina na picha, unaweka za huyu, unahifadhi. Foleni inakwenda mbio, na wakubwa wanasifu. Kila mgeni akiajiriwa hufundishwa kupiga pacha kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Siku aliyokuja jaji, aliyetoka kwenye kiti kabla yake alikuwa bawabu wa mahakama. Jaji alimpa bawabu mkono, wakataniana kuhusu viatu. Dada Kadi aliona haya kumchelewesha mzee wa watu. Mtu mkubwa haketishwi. Akapiga pacha kwa heshima zote, akamkabidhi kadi kwa mikono miwili.

Jaji akaondoka na cheti cha bawabu.

Na mahakamani hapakuwa na wa kugutuka. Mashine zao ni za zamani. Zinaona jina, zinaona kadi ni ya kweli, zinapitisha. Mzee alitia sahihi zake mpaka mwisho, hana hili wala lile.

"Mbona unalia kwenye kompyuta?" Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, kijiti cha meno mdomoni. "Italeta shoti hiyo."

Alimweleza. Hakuficha hata neno, kwa sababu hapakuwa na muda wa kuficha. Mkurugenzi alisikiliza, na kijiti kikaacha kucheza.

"Naomba barua moja tu, bosi," alimalizia. "Ofisi iseme kosa ni letu. Jaji alistahili kupewa cheti cha sahihi, tukampa cha mlango. Bwana Jela ataipokea. Ni mtu wa haki."

"Kaa kwanza."

"Sina muda wa kukaa."

"Basi sikiliza umesimama." Mkurugenzi alifunga mlango. "Tangu apewe kadi hiyo, jaji ameachia watu wangapi?"

"Sijui. Huyu labda."

"Huyu peke yake. Wengine wote aliwathibitishia vifungo. Watu tele. Nikiandika barua yako, mawakili wa wote hao watakuwa hapa kesho asubuhi na mapema. Watasema sahihi zilizowaweka ndani ni za bawabu."

"Na kweli ni za bawabu."

"Ndiyo tatizo lenyewe hilo."

Dada Kadi alimtazama. "Bosi, hao wengine waliingiaje gerezani kwa sahihi mbovu, na ndugu yangu anashindwa kutoka kwa sahihi hiyo hiyo?"

"Geti la kuingilia lina mashine kama za mahakamani. Linasoma jina, basi. La kutokea ndilo walilonunulia mashine mpya." Mkurugenzi alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayeeleza ratiba ya maji ya bomba. "Wanaogopa watu kutoka, mwanangu. Kuingia hakujawahi kumtisha mtu."

Dada Kadi alijua bosi anasema kweli, na kweli hiyo haikumsaidia mtu yeyote.

"Kwa hiyo hakuna barua."

"Hakuna." Mkurugenzi alitoa kadi yake mfukoni, akaitazama kidogo, akaiweka mezani mbele ya Dada Kadi. "Mimi naenda kunawa mikono. Mafuta ya chakula hayatoki haraka. Nikirudi nataka kukuta ofisi haina kosa lolote, wala haijawahi kuwa nalo. Umenielewa?"

Alitoka. Maji yalisikika yakifunguliwa.

Dada Kadi alimwelewa vizuri sana. Ofisi ile ina ufunguo mkuu, umefungiwa kwenye chumba kidogo chenye baridi, na haufunguki mpaka kadi mbili zikutane: ya mtumishi na ya mkurugenzi. Nao una mipaka yake. Hauwezi kutia sahihi hata ombi la likizo. Kazi yake ni moja tu, kutoa vyeti. Lakini cheti ukitoa kwa ufunguo huo, mashine zote nchini hukiamini kama neno la mama mzazi.

Cheti hakifutwi wino kikaandikwa upya. Unaweza kutoa kingine mahali pake. Na kama huna haya, unaweza kukiandika tarehe ya zamani.

Kumpa marehemu cheti na kukirudishia tarehe ni jela. Yeye ndiye aliyewahi kuwafundisha wenzake hivyo, ubaoni, kwa chaki nyekundu.

Alikumbuka vidole vya Kinyozi kwenye vifungo vya shati. Akazichukua kadi zote mbili.

Chumbani baridi ilimpiga usoni. Aliingiza kadi yake, akaingiza ya Mkurugenzi. Jina la jaji lile lile, ufunguo wa kadi yake ule ule aliotilia sahihi, tarehe ya siku ile ile aliyopewa kadi. Safari hii hakupiga pacha. Alijaza moja moja, polepole, kama alivyotakiwa kufanya siku ile. Kujitambulisha. Kufungua milango. Kutia sahihi: alama ya vema.

Akabonyeza, cha zamani kikatoka, kipya kikakaa mahali pake.

Alipopita korido Mkurugenzi bado alikuwa ananawa. Dada Kadi aliiacha kadi ya bosi mezani, na wala hawakutazamana.

Gerezani gari la machimboni lilikuwa limeshageuzwa, wafungwa wanapanda mmoja mmoja. Kinyozi alikuwa pale pale kati ya mageti. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi, na Dada Kadi aliusikia kabla hajamwona mwenyewe.

"Jaribu tena," alimwambia Bwana Jela.

"Barua iko wapi?"

"Jaribu kwanza."

Bwana Jela alimwangalia juu ya miwani. Kisha akaita amri, akabonyeza. Mashine ilikwenda kuuliza ofisini kwao, kama inavyouliza kila mara, je, cheti cha jaji huyu ni cha kazi gani. Ikajibiwa.

Taa ikawaka kijani.

Geti la mbele lilifunguka kwa kelele za chuma. Kinyozi hakusogea mara moja. Ilibidi askari amsukume kidogo begani. Akatoka, hatua ya kwanza, ya pili, mpaka kwa dada yake, akaegemeza paji la uso begani kwake kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

"Umekonda," alisema Dada Kadi, na hapo ndipo alipolia.

"Na wewe umenenepa. Nani alikuwa anakula chakula changu?"

"Twende. Twende nyumbani sasa hivi."

"Ngojeni," alisema Bwana Jela.

Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo lililomwogopesha Dada Kadi, kwamba alisema kwa huruma. Mashine ilikuwa imelia tena.

"Kuna nini tena? Si kijani?"

"Kijani. Zote mbili kijani."

"Mbili zipi?"

Bwana Jela aligeuza skrini ili naye aone. "Marehemu alituletea amri mbili. Hii ya pili ilikuwa imelala humu. Mashine iliikataa kama ilivyoikataa ya kwanza, na amri iliyokataliwa haipigi kelele mpaka mtu aitafute. Nani angeitafuta? Sasa cheti kimekubalika, zimeamka pamoja."

Dada Kadi alisoma. Macho yake yalikataa, akasoma tena.

Jaji alikuwa ameandika siku moja kabla ya kufa. Amri yangu ya kumwachia huru naisimamisha. Shahidi wa utetezi, ambaye ni mwalimu, amefika mbele yangu kwa hiari yake na kukiri kuwa saa ya moto hakuwa kinyozini. Mfungwa abaki ndani mpaka tumsikilize tena.

Chini yake sahihi, safi kabisa, yenye kila haki. Haki hiyo Dada Kadi alikuwa ameipa yeye mwenyewe, mchana ule ule.

Askari wawili walikuwa wameshamshika Kinyozi mikono. Hakushindana nao. Geti lilifunguka kumrudisha kwa urahisi ule ule liliomtoa nao.

"Nakuuliza jambo, dada yangu," alisema Bwana Jela, taratibu. "Asubuhi niliona hapa, kwa macho yangu, na nikakwambia, cheti cha mlango. Sasa naona cha sahihi, na kina tarehe ya zamani. Cheti hakiongezewi kazi na mwenyewe yuko kaburini. Nani amekigusa?"

Hapo, msomaji, maji yalimfika shingoni. Lakini akili ya mtu aliyebanwa hufanya kazi upesi, na Dada Kadi aliona tundu dogo la kupenyea. Akisema ni mimi, cheti kipya kitafutwa leo leo. Kikifutwa, amri zote mbili zitaanguka, ya kutoa na ya kusimamisha. Rufaa itaanza upya, na maneno ya Mwalimu ya mara ya pili yatakuwa kama hayakuandikwa. Kinyozi hatakwepa machimbo leo, lakini atakuwa na kesi, na mwenye kesi ana pa kushika. Yeye atafungwa. Hilo lilimpita akilini bila kumshtua.

"Mzee," alianza.

"Dada, njoo," aliita Kinyozi kutoka ndani ya nondo.

Alimsogelea. Askari walimpa nafasi kidogo, wakatazama pembeni.

"Usikiseme unachotaka kusema," Kinyozi alinong'ona. Kifua kilikuwa kinamkatiza maneno. "Umeshafanya kitu kule ofisini kwenu. Nakujua. Usijitoe kwa ajili yangu."

"Nyamaza, okoa pumzi. Yule Mwalimu kanunuliwa na tajiri. Tutamtafuta, tutambana, atasema kweli."

"Hajanunuliwa."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu nilimwomba mimi aseme nilikuwa namnyoa. Nilimwomba, akanionea huruma. Sikudhani atashindwa kulala nalo."

Dada Kadi alishika nondo. Zilikuwa za moto kwa jua la alasiri, na hakuziachia.

"Ulikuwa wapi, mdogo wangu?"

Kinyozi aliangalia gari likiwashwa. "Ghala lile walilijenga pale pale walipobomoa kibanda changu. Unakumbuka. Kila siku napita naliona. Nilitaka mali yake iungue, basi, na yeye alie kidogo." Alivuta pumzi, haikutosha, akavuta nyingine. "Sikujua kuwa mlinzi hulala ndani."

Askari walimgeuza, wakaanza kwenda naye upande wa gari. Dada Kadi alibaki ameshika nondo. Alitaka kumchukia na hakuweza. Mlinzi yule alikuwa na watoto. Aliwahi kuwaona mahakamani, wamekaa benchi la nyuma, wamevaa sare za shule.

Nyuma yake Bwana Jela alikohoa, akavuta kiti, akaweka mikono yake miwili juu ya meza.

"Sijajibiwa bado, dada yangu," alisema. "Nani amekigusa cheti hiki?"